Asiyekitaja Hapewi

Saint-Gilles, Brussels
14 Septemba 2024

Baba mdogo Elineema,

Shikamoo. Pokea salamu kutoka ghorofa ya tatu, ambako mvua imeanza tena na dirisha la jikoni bado halifungi. Mimi na mume wangu Nareg ni wazima. Sephora anatimiza miaka sita mwezi ujao na jino lake la mbele limelegea, analisukuma kwa ulimi mchana kutwa. Bado nalea watoto wa wenzangu kwenye chekechea kule Ixelles. Mama aliniambia mgongo wako umepata nafuu na kwamba umemuuza yule ng'ombe mkorofi. Nimefurahi kwa yote mawili. Najua hupendi ujumbe wa sauti wala simu za kutazamana usoni, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Sasa niseme kilichonikalisha chini. Baba mkwe amenifika shingoni.

Unakumbuka nilikueleza kwamba Mzee Garabed alihamia kwetu mwezi wa nne, baada ya mkewe kufariki. Nilimpokea kwa moyo mmoja, na sijutii. Ni Mwarmenia wa Aleppo. Alifundisha Kiarmenia shuleni tangu ujana mpaka vita vilipowatoa, na sasa shule pekee aliyobaki nayo ni nyumba yangu. Ana kanuni moja: asiyekitaja kitu hapewi, na kukitaja ni kwa Kiarmenia kitupu, kisichoazima kwa Mwarabu wala Mfaransa, na kwa Mturuki ndiyo usithubutu kabisa. Telefoni ni herratsayn, yaani sauti ya mbali. Ndege ni otanav, merikebu ya hewani. Picha ni lusangar, mchoro wa nuru. Ni majina mazuri, sikatai. Mwanzoni nilikuwa nayarudia peke yangu nikiosha vyombo. Lakini jaribu kuishi nayo asubuhi, umechelewa kazini, unatafuta simu yako, na mtu mzima ameishika mkononi anakungoja uitaje ipasavyo!

Jumamosi iliyopita tulikwenda sokoni Flagey, mimi, mzee, Sephora na Maman Lucienne, jirani yetu wa ghorofa ya chini, mtu wa Lubumbashi. Mtoto alitaka chipsi. Tukapanga foleni kwenye kibanda. Muuzaji akamuuliza anataka nini. Sephora, anayejua Kifaransa kuliko mimi, akamtazama babu yake kwanza, kisha akasema, "Kednakhntsor." Maana yake tufaha la ardhini. Ndicho kiazi. Muuzaji akauliza tena, mtoto akasema lile lile. Babu kasimama nyuma yake, kidevu juu, anajivuna. Foleni ilirefuka mpaka kituo cha basi na mvua ikaanza kutupiga. Maman Lucienne ndiye aliyelipuka:

"Adelina, bon, mutoto anasikia njala, mvula inanyesha, umulipie frites yake tuende! Sasa tunangojea nini, alors?"

Nikalipa. Mzee Garabed hakula hata kipande, alisema chipsi hizo zimepatikana kwa udanganyifu. Nilitaka kumwambia kwamba hata Wafaransa kiazi wanakiita tufaha la ardhini, nikanyamaza, maana lingekuwa somo la mpaka jioni.

Haya yote ningeyavumilia, baba. Ninaloshindwa ni hili: Sephora hanijibu tena kwa Kiswahili. Nikimwita anakuja, nikimwambia avae viatu anavaa, lakini kinachotoka mdomoni ni Kiarmenia, au kimya. Haniiti mama. Ananiita mayrig. Watoto wa watu wananisemesha siku nzima mpaka masikio yananiuma, halafu narudi nyumbani kwa wangu ananichukulia kama mpangaji. Nareg anasema ni upepo tu, utapita. Yeye anasema hivyo kwa sababu analoitwa ni la kwao.

Nakuomba jambo moja. Zungumza naye kwa simu kila Jumapili, dakika chache tu. Msimulie hadithi kama ulivyokuwa ukitusimulia sisi. Nataka asikie Kiswahili kwa mtu mwingine asiye mimi, kabla hakijamtoka chote.

Mwanao,
Adelina


Usangi, Mwanga
20 Oktoba 2024

Mwanangu Adelina,

Marahaba. Bahasha yako imefika ikiwa na alama ya kiatu juu yake, lakini ndani salama. Huku vuli zinasuasua, migomba imekaa kihasara hasara. Mama yako hajambo, anatawala kwaya kwa mkono wa chuma. Ng'ombe sikumuuza. Nilimpa shemeji yangu, mtu aliyestahili kuteseka. Mwanangu Gerald na familia yake wako Moshi, wazima.

Naam. Huyo mkweo amenisisimua! Miaka yote nimekuwa nikipiga kelele peke yangu, kumbe kuna mwenzangu huko Ulaya. Ila asidhani ni Waarmenia peke yao wenye akili ya kuunda maneno. Mwambie jokofu. Mwambie kiyoyozi. Mwambie nywila na kishikwambi, halafu umtazame usoni. Ninyi vijana mnacheka, mnasema friji, eisii, paswedi, kama watu walioangusha lugha yao barabarani na hawakurudi kuiokota. Sisi walimu wa wilaya tuliwahi kukaa na kuunda majina ya vifaa vyote vya maabara. Hakuna aliyeyatumia hata siku moja, lakini yalikuwa mazuri.

Msomee mkweo maneno hayo, uniandikie amesema nini. Usimfiche kitu.

Kuhusu kuzungumza na mtoto, mtandao wa huku mlimani hauaminiki. Tutaona.

Naambatanisha barua yako ya mwezi wa tisa, niliyoisahihisha. Umeandika "telefoni" mahali ambapo "simu" ingetosha kabisa. Mwandiko wako bado ni mzuri.

Baba yako mdogo,
Elineema


Saint-Gilles, Brussels
24 Novemba 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Barua zote mbili zimefika, yako na yangu iliyojaa wino mwekundu. Asante. Nilikuwa nimekosa sana kusahihishwa, maana humu ndani nasahihishwa kwa lugha moja tu.

Jino la Sephora limetoka, tumelitupa juu ya paa la jirani kama kwetu. Nareg amepata homa na kupona. Maman Lucienne amenifundisha kupika sombe, kisamvu cha kwao, kwa mawese na anakusalimu, ingawa hakujui.

Nilifanya ulivyotaka. Nilimsomea mzee maneno yako, Nareg akitafsiri. Jokofu lilimfurahisha mpaka akapiga meza. Kishikwambi alinirudisha nikiseme mara ya pili. Akasema huyo baba yako mdogo ni mtu wa maana, anatamani kumfahamu. Nikadhani nimepona. Kumbe ndiyo kwanza kaanza! Akataka niseme Kiswahili cha kawaida, cha kila siku. Nikasema habari, kitabu, dunia, samahani, sukari. Kila neno alikuwa anaruka kitini. "Hili nalijua! Na hili! Haya nilikuwa nikiyasikia sokoni Aleppo kila asubuhi!" Alicheka mpaka akakohoa. Hakuwa na ubaya wowote, alifurahi kama mtu aliyekutana na majirani wa zamani. Lakini Sephora alikuwa amekaa pale pale anasikiliza.

Tangu siku hiyo nikimsemesha Kiswahili ananijibu, kwa Kiarmenia, kwamba hayo ni maneno ya watu wengine. Juzi nilimkalisha chini nikamwambia ni yangu. Ni yangu mimi, ndiyo niliyozaliwa nayo. Akanisikiliza kwa adabu, akaenda kumuuliza babu yake.

Usije ukadhani mzee ni katili. Anammenyea mtoto komamanga punje moja moja, anampeleka shule kwa miguu kwenye baridi akiwa amemfunga skafu yake mwenyewe. Ni kwenye maneno tu ndipo anapokuwa jiwe. Wiki mbili zilizopita Sephora alirudi kutoka kanisani kwao akamwita dede, watoto wenzake wanawaita babu zao hivyo. Kumbe ni Kituruki. Mzee aliinuka mezani akaenda chumbani na hakutoka mpaka kesho yake. Mtoto alilia, hakujua amekosa nini. Sasa anasema medz hayrig, yaani babu kwa Kiarmenia kitupu, kila silabi mahali pake, kama anasoma risala.

Nimechoka, baba. Nimekaa katikati ya wazee wawili wanaorushiana maneno juu ya kichwa changu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi najisikiaje. Sikukuomba maneno mapya. Nilikuomba umpigie mtoto. Na mtandao wa Usangi naujua, mama ananipigia kila wiki, naye anakaa nyumba ya tatu kutoka kwako.

Gerald hajambo kweli? Mama anasema hawajaonekana nyumbani tangu Pasaka.

Adelina


Usangi, Mwanga
29 Desemba 2024

Mwanangu Adelina,

Marahaba, na heri ya Krismasi kwenu nyote. Tulikuwa wachache mezani. Gerald ana kazi nyingi, hawakuweza kufika. Wajukuu wazima. Hilo tuliache.

Barua yako imenikera na nitakuambia kwa nini. Mkweo anacheka habari na kitabu? Neno likikaa kwa watu vizazi na vizazi si mgeni tena, limeshaoa, limezaa, limejenga. Mwambie hivyo, tena kwa sauti. Kiswahili hakikuokotwa sokoni. Na wewe usikae kimya pale mtu anapokivua nguo mbele ya mtoto!

Hata hivyo kanuni yake naiunga mkono asilimia mia. Huwezi kulea lugha kwa kubembeleza. Mtoto aliyezoeshwa kungoja neno sahihi atakua nalo. Mwambie asilegeze kamba. Iwe mkate, iwe maji, asiyetaja ipasavyo asipewe mpaka ataje. Msomee sentensi hii mwenyewe, nataka ajue kwamba kuna mtu anayemwelewa. Nawe fanya hivyo hivyo kwa Kiswahili, uone kama mtoto hatakurudia.

Kuhusu simu, koo linanisumbua tangu mwezi wa kumi na moja.

Baba yako mdogo,
Elineema


Saint-Gilles, Brussels
9 Februari 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Sote tu hai, nianze na hilo. Mama anasema koo lako liliimba besi ibada nzima ya mwaka mpya.

Mzee Garabed alianguka bafuni katikati ya Januari. Kiharusi. Kimempiga mkono na mguu wa kulia, na kimempiga maneno. Alikaa hospitali, tukawa tunapokezana mimi na Nareg, na Maman Lucienne akikaa na mtoto. Barua yako ilifika siku ile ile tuliyomrudisha nyumbani. Niliitia mfuko wa aproni bila kuifungua, maana nilikuwa nahangaika kumpandisha mzee ngazi za ghorofa tatu.

Mchana huo alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Sephora alikuwa amemngoja kwa hamu. Nikampa kikombe cha maji nikamwambia akampe babu. Mzee akakiona, akanyoosha mkono mzima, akasema, "Su."

Mtoto akasimama. Hakumpa.

Mzee akasema tena, "Su. Su." Midomo imekauka, mate yanamtoka upande mmoja. Na mtoto amekishika kikombe kwa mikono miwili, kifuani, anangoja. Akamwambia kwa upole kabisa, "Chur, medz hayrig. Chur." Vile vile alivyofundishwa, kwa sauti ile ile ya babu yake. Akamngoja aseme. Mzee akajaribu, baba. Nilimwona anavyojaribu. Alifungua mdomo, shingo ikatoka mishipa, ikatoka su. Akaanza kulia.

Mimi nilikuwa mlangoni. Kisha nikapiga kelele, tena kwa Kiswahili, sikuchagua: "Mpe maji!"

Akageuka akanitazama. Akasema, "Amekosea lakini, mama."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya Kiswahili mwanangu aliyoniambia tangu kiangazi. Nilikuwa nimeyangoja miezi yote hiyo, na yalipokuja sikuweza hata kuyafurahia. Nikamwambia, "Najua. Mpe." Akampa. Mzee alikunywa, maji mengine yakamwagikia shati, na mtoto akamfuta kwa mkono wa sweta yake.

Su ni maji kwa Kituruki, kama chur kwa Kiarmenia. Nareg alinieleza baadaye tukiwa jikoni, na alikuwa hajawahi kunieleza. Mzee Garabed alilelewa na bibi yake, aliyefika Aleppo kwa miguu kutoka Marash, kule Uturuki, akiwa msichana mdogo, baada ya ndugu zake kuuawa. Lugha pekee aliyoijua bibi huyo ilikuwa ya waliowaua, maana ndiyo iliyokuwa ikizungumzwa na Waarmenia wa kwao. Shuleni, Garabed mdogo alichapwa kwa kila neno la Kituruki. Basi akarudi nyumbani akaacha kumjibu bibi yake. Bibi akiomba kitu kwa Kituruki, hapewi. Walikaa nyumba moja mpaka bibi akafa. Daktari anasema ugonjwa huu mara nyingine unafuta ya juu na kuacha ya chini kabisa, na ya chini kabisa kwa baba mkwe ni ya bibi yule.

Watoto walipolala ndipo nikakumbuka mfuko wa aproni. Nasema watoto kwa sababu na mzee sasa namlaza. Nikaisoma barua yako. "Iwe mkate, iwe maji." Nilitaka kuichana, nikashindwa kwa sababu ya mwandiko wako, ndio ulionifundisha kuandika. Lakini nimekasirika, baba mdogo, na sitakuficha.

Gerald alinipigia kunipa pole, nikamuuliza mwenyewe kuhusu Pasaka. Ameniambia. Binti yake Graciella aliomba juice mezani, mtoto wa miaka minne, na wewe ukamnyima mpaka watu wote wakamaliza kula, kwa kuwa hakujua kusema sharubati. Akatoka mezani na kiu. Na sharubati yenyewe ni neno la sokoni Aleppo, Mzee Garabed angekuambia. Kumbe ndiyo sababu simu haikupatikana. Uliogopa mtoto mwingine asikuite vibaya, au wewe mwenyewe usijue la kumwambia. Sijui ni lipi na sikuulizi.

Sephora hajamwacha babu yake. Sasa akimpelekea kikombe husema su kwanza, yeye mwenyewe, kabla mzee hajahangaika. Halafu ndipo anasema chur, taratibu, na wakati mwingine maji. Mzee anaitikia yote.

Simu sikuombi tena.

Adelina


Moshi
16 Machi 2025

Mwanangu Adelina,

Marahaba. Nakuandikia mezani kwa Gerald, kwa kalamu ya mtoto yenye manyoya ya waridi kichwani, kwa hiyo nisamehe mwandiko. Gerald na mkewe wanakusalimu. Mvua imeanza vizuri huku.

Barua yako niliisoma nimesimama pale posta, nikatafuta pa kukaa, nikaisoma tena. Sikuona cha kusahihisha. Sitaijibu yote, umri wangu hauniruhusu kulia hadharani na hapa watoto wananichungulia.

Kesho yake asubuhi nilipanda gari bila kumwambia mtu. Mlango ulifunguliwa na Graciella. Amekuwa mrefu. Alinitazama kidogo, akarudi ndani mbio, nikajua amekwenda kusema nimekuja na nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia baba yake. Lakini alirudi peke yake, na chupa kwapani na glasi mkononi, akasimama mbali kidogo.

"Grandpa, you want juice?"

Adelina, neno ninalo. Limekaa kwenye ulimi wangu miaka sabini. Nikamwambia, "Yes. Yes, please." Alishangaa kama aliyesikia ng'ombe akizungumza. Kisha akamimina mpaka ikamwagika, nikanywa yote pale pale mlangoni, akanimiminia tena.

Mzee Garabed usimsomee chochote changu. Mshike tu mkono kwa niaba yangu, ule usiofanya kazi.

Jumapili nipigie. Koo langu ni zima na mtandao ni mzima, kama ulivyosema. Mpe Sephora simu. Asipotaka kusema neno, nitamsikiliza anavyopumua. Akisema, na aseme kwa lugha yoyote iliyo karibu naye, nitajitahidi. Na kama atataka kuniita dede, aniite.

Baba yako mdogo,
Elineema